Jumamosi Tuliyong'arisha Ukumbi wa Zamani

Jumamosi jioni, Kimbo.

Baridi ya Julai imekaza. Tangu asubuhi ni ukungu na manyunyu, ile mvua isiyo mvua, inayokulowesha bila wewe kuisikia. Mikono yangu inanuka nta ya sakafu na magoti yananiuma kama niliyabeba mgongoni. Nimeoga, nimejipaka mafuta, na bado nanuka nta. Lakini nimeketi na kikombe changu cha uji, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sina mtu ninayegombana naye kichwani.

Nimefurahi. Wacha niliandike hilo kwanza, kabla sijaanza kuzunguka.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua nilisomea shule ya wasichana kule upande wa Thika. Jina sitalitaja, waliosoma huko watajijua. Ni shule kongwe. Mamangu aliingia pale kabla kidogo ya Uhuru, mimi nikafuata, na sasa binti yangu Wanja yuko kidato cha tatu. Watu watatu wa damu moja, geti moja.

Mwezi uliopita ujumbe uliingia kwenye kundi letu la simu la wanafunzi wa zamani. Bodi ya shule ilikuwa inataka kubomoa ukumbi wa zamani ili ijenge madarasa ya ghorofa.

Ukumbi huo ni nyumba ya kwanza kabisa ya shule. Mawe yake yalichongwa kwa mkono, madirisha ni marefu, na sakafu ni ya mbao. Kwetu sisi ukumbi ulikuwa sakafu. Kila Jumamosi tulifunga vipande vya blanketi kuukuu miguuni, tukapaka nta, halafu tukacheza. Tulicheza kutoka ukuta huu hadi ule, tukiimba na kusukumana, mpaka mbao zikang'aa ukaona meno yako ukicheka. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yetu, na hakuna aliyewahi kuomba aondolewe.

Kwa hiyo nilikasirika. Niliandika maneno marefu kwenye lile kundi, ya urithi na ya mababu. Wenzangu wakaniletea vikatuni vya mioyo na ngumi. Nikajiona shujaa.

Halafu siku ya kutembelea wanafunzi ikafika, nikamweleza Wanja vita vyangu huku nikimpakulia pilau. Alinitazama kwa huruma, vile tu mtoto wa kidato cha tatu anaweza kumhurumia mzazi.

"Mum, umeingia huko siku hizi? Inanuka popo. Hatuingii. Na darasani tumebanana hadi nikiandika kiwiko changu kiko kwa daftari ya mwenzangu. Wajenge tu."

Nilirudi nyumbani nikijiuliza. Mimi napigania nyumba ambayo mwanangu mwenyewe anaikimbia? Nilianza kushuku kwamba si shule ninayoitetea. Ni ujana wangu.

Wiki iliyofuata nilienda kwa mwalimu mkuu, nikifuatana na Halima. Halima ni mwenzangu wa dawati moja tangu kidato cha kwanza, mtoto wa mtaa wa Landless, kule Thika. Babake alikuwa na duka la nguo Thika. Siku hizi Halima ni mhandisi wa majengo, na hapendi maneno mengi. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na adui. Mwalimu mkuu nikamkuta ni mama mchovu, mpole, mwenye karatasi za mtihani hadi kwenye dirisha.

"Mama Wanja," akaniambia, "mimi sichukii ukumbi. Lakini nina wasichana ambao hawana pa kusomea jioni. Nionyesheni jinsi ukumbi huo utakavyomsaidia msichana wa leo, na nitasimama nanyi mbele ya bodi. Mkiniletea machozi peke yake, sitakuwa na la kusema."

Halima akacheka. Tulipotoka nje akaniambia, "Huyo mama ana akili. Ungekuja peke yako ungemletea machozi."

Akaukagua ukumbi siku hiyohiyo. Kuta ni imara kuliko nyumba nyingi zinazojengwa Ruiru leo. Mabati yameisha. Dari imejaa popo. Sakafu ni nzima, isipokuwa pembe ya nyuma ambayo mchwa wameila hadi mbao zinabonyea kama mkate. Inatengenezeka, akasema. Basi tukakubaliana: watu wa kuhamisha popo waitwe, halafu Jumamosi ya mkutano wa bodi sisi wanafunzi wa zamani tuje asubuhi tusafishe, ili wakubwa waamue wakiuona ukumbi, si uchafu.

Leo ndiyo ilikuwa hiyo Jumamosi.

Jana nilikuwa nimeenda kijijini Gatuanyaga kumchukua mamangu. Hakutaka kuja. Alikuwa akiwafungulia mbuzi, leso kichwani, vumbi hadi magotini, maana manyunyu haya ya huku kwetu huko kwake hayafiki.

"Kwani ukumbi umelazwa, niende kuutazama?" akaniuliza.

Nilimbembeleza. Ukweli ni kwamba nilimtaka kama pambo. Nilitaka bodi ione mama mzee wa siku za kwanza, aketi mbele na kitambaa chake kizuri, aseme maneno mawili kuhusu elimu ya mtoto wa kike. Mamangu hajawahi kunisimulia habari za shule ile. Kila nilipomuuliza nikiwa mdogo alijibu, "Tulisoma, tukamaliza." Nikazoea. Nikadhani ni watu wa zamani tu, hawana hadithi.

Asubuhi tulikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Kina mama wa makamo wakiwa wamevaa suruali za mazoezi, wamejifunga vitambaa puani, wakikwangua kinyesi cha popo na kupiga kelele kila buibui akitokea. Mwalimu mkuu akawaruhusu wasichana wa kidato cha tatu watusaidie. Walikuja wakiburuta miguu, Wanja akiwa nyuma kabisa, akijifanya hanijui.

Tulipomaliza kuosha, nikatoa nta na vipande vya blanketi. Wale wasichana wakaviangalia kama vyombo vya makumbusho. Mmoja akajifunga, akateleza, akaanguka matakoni. Kicheko kikalipuka.

Ndipo mamangu akainuka kwenye kiti chake. Akavua viatu. Akachukua vipande viwili, akaviviringisha miguuni kwa fundo ambalo hata mimi sikulijua, akaanza kusogea. Hakuinua miguu hata kidogo. Aliivuta, kulia, kushoto, mabega yametulia, mikono kiunoni. Nyuma yake mbao zikaanza kung'aa.

Wasichana wakapiga vigelegele, wakajipanga nyuma yake kama vifaranga.

"Haiya, Cucu!" Wanja akampazia nyanya yake sauti. Alikuwa amesahau kujificha. "Nani alikufunza hivyo?"

Mamangu alisimama kupumua. Akaelekeza kidole kwenye ile pembe ya nyuma, tuliyoizungushia kamba mtu asiingie akavunjika.

"Pale," akasema. "Pale ndipo nilimfunza dadangu kusoma."

Nilikuwa na kopo la nta mkononi. Nililiweka chini polepole.

Dadake ni Tata Wairimu, mama yangu mkubwa. Ameshatuacha. Mimi nilimjua kama yule tata mrefu wa Gatuanyaga aliyesoma Biblia kanisani kwa sauti ya kutulia, asiyekwama hata kwenye yale majina magumu ya wafalme. Kila mtu alidhani alisoma shule. Mimi pia.

Kumbe hakuketi darasani hata siku moja.

Mamangu aliwasimulia wale wasichana akiwa amesimama na blanketi zake miguuni, kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anaeleza vile maharagwe yanavyopandwa. Nafasi ya shule ilipopatikana, mama yao alikuwa mgonjwa kitandani, na nyumbani kulikuwa na mbuzi na watoto wadogo. Binti mmoja tu ndiye angeweza kuondoka. Wairimu alikuwa mkubwa, zamu ilikuwa yake. Akamwambia baba yao, "Aende huyu mdogo. Mimi nimeshazoeana na mbuzi."

Basi mdogo akaenda. Na Jumapili za kutembelewa, Wairimu alitoka Gatuanyaga kwa miguu, viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kikapu, akafika ametapakaa vumbi. Wageni walipokelewa humo ukumbini. Alikuwa akimpa mdogo wake viazi, anamwambia, "Sasa na wewe nipe. Wiki hii wamewafunza nini?"

Mamangu alificha kipande cha chaki kwenye pindo la gauni. Waliketi kwenye ile pembe, migongo kwa watu, akamwandikia herufi juu ya mbao. Kwanza herufi, baadaye majina, baadaye sentensi. Wairimu aliandika chini yake kwa kidole, halafu kwa chaki. Kengele ikikaribia walisimama, wakafunga blanketi miguuni na kufuta yote kwa kucheza, maana matroni hakutaka kuona alama hata moja kwenye sakafu yake.

"Matroni alinisifu sana," mamangu akasema, akacheka peke yake. "Alisema hajaona msichana anayependa kazi kama mimi. Hata Jumapili nang'arisha!"

Wasichana walicheka naye. Mimi sikuweza. Nilimtazama Halima na Halima alikuwa ameinama, anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Mmoja wa wanafunzi akauliza kama basi ile pembe iachwe ilivyo, iwekewe kioo, iwe ukumbusho. Mamangu akamshangaa.

"Mbao zimeoza, mtoto wangu. Toeni, muweke nzuri. Mnataka mtu avunjike mguu kwa ajili ya Wairimu? Angewachapa."

Kazi ikaendelea, lakini ilikuwa kazi nyingine. Waliimba. Walimaliza sakafu nzima, na mwanga wa yale madirisha marefu, hata ule mwanga hafifu wa Julai, ukatanda chini kama maji. Wanja alikuja kando yangu, jasho usoni.

"Mum," akasema, "si umwambie Madam tuwe tunasomea huku jioni? Kuna nafasi. Na kuko kimya."

Nikamwambia amwambie mwenyewe. Akaenda. Kumbe mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni muda wote, koti mabegani.

Bodi ilikutana mchana kwenye chumba cha walimu. Halima aliingia kueleza habari za kuta na mabati. Sisi wengine tulisubiri kwenye baraza ya ukumbi, tumejikunyata, tukinywa chai ya chupa. Nilijaribu kusali nikashindwa kukaza mawazo. Niliwaza tu miguu ya msichana anayetembea kutoka Gatuanyaga ili apewe herufi tatu.

Mwalimu mkuu alipotoka alikuja kwetu moja kwa moja, bila mwavuli.

"Ukumbi unabaki," akasema. "Niliwaambia wasichana wenyewe wameuomba, wasomee humo jioni. Madarasa mapya yatajengwa kule kwa banda la ng'ombe."

Sitaeleza kelele tulizopiga. Kina mama wazima!

Hatukupata kila kitu. Baraza ile tulipokuwa tumeketi itavunjwa, kwa sababu malori ya mawe hayana njia nyingine ya kupita. Hapo ndipo tulisukana nywele, hapo ndipo nilisomewa barua ya kwanza ya mvulana huku wenzangu wakinicheka. Nilishika nguzo yake kidogo kabla ya kuondoka. Imeniuma, sitadanganya. Na bado kuna kuchanga, kuna mabati, kuna kumsumbua kila mwanafunzi wa zamani hadi atoe. Halima ameshanipa kazi hiyo, anasema mdomo ninao.

Lakini nimerudi nyumbani mwepesi.

Mwezi mzima nilisema urithi, urithi, na sikujua ninasema nini. Nilidhani ni mawe na madirisha. Nilikuwa tayari kupigana na watu wazuri kwa ajili yake. Na mtu aliyekuwa na hadithi yenyewe nilimleta akae mbele apendeze.

Nilimuuliza tukiwa njiani kwa nini hakuwahi kuniambia. Alijibu akitazama nje ya dirisha.

"Wairimu hakupenda ijulikane," akasema. "Alipenda watu wafikiri alienda shule. Nami nilimwachia. Lakini leo yule mtoto aliniuliza vizuri."

Aliniuliza vizuri. Swali la Wanja lilikuwa la maneno matatu tu.

Mamangu amekataa kurudi Gatuanyaga leo, anasema baridi imemwingia kwenye mifupa na mbuzi wana jirani wa kuwaangalia. Amekula ugali na sukuma, amelalamika kwamba sukuma zangu zina maji, na sasa amelala kwenye kitanda cha Wanja, blanketi hadi masikioni. Namsikia akikohoa kidogo, halafu kimya.

Mimi nina miaka arobaini na kitu na namjua mama huyu kama mamangu tu. Sijui alipenda somo gani. Sijui alilia siku ya kwanza au hakulia. Sijui Wairimu alipokuwa akirudi nyumbani peke yake na kikapu kitupu, mdogo wake aliyebaki getini alihisi nini.

Asubuhi, kabla ya kanisa, nitachemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, vile anavyopenda, na nitazima simu. Nitaketi naye jikoni.

Tatizo ni moja tu. Nianze na swali gani?