Neno Alilokuwa Akilirudia

Arash, Loliondo

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama. Naomba barua hii iwakute wazima, na goti la mama liwe limetulia sasa mvua zinapopungua. Ngano imetoka vipi mwaka huu? Mimi mzima, isipokuwa bega la kushoto, na habari zake utazikuta humu ndani. Dereva wa lori la chumvi alinifikishia ujumbe wako, kwamba umesikia yaliyotokea huku na unataka niombe uhamisho nirudi Karatu. Soma yote kwanza, baba.

Wezi wa mifugo walikuja asubuhi, nikiwa nafundisha hesabu. Tangu vita vya Uganda viishe, bunduki zimezagaa, na hawa hawakuja na mikuki. Tulisikia milio kutoka mtoni, ng'ombe wanakonyweshwa. Huko walimkuta Parmuat, mume wa Naserian. Huyu Naserian ni yule mama niliyekuandikia habari zake, anayekuja kisomo cha watu wazima na kubaki wenzake wakishaondoka, ili nimsomee hadithi. Parmuat alipigwa risasi ya tumbo, akaanguka kwenye maji, na ng'ombe wake mwenyewe wakamkanyaga walipokuwa wakiswagwa.

Wengine walipita kijijini wakichoma nyumba ili watu wahangaike na moto wasiwafuate. Mwalimu mkuu aliwatorosha watoto kupitia korongoni. Mimi nilikimbilia chumbani kwangu kuokoa sanduku la vitabu. Mmoja wao alinikuta nalivuta mlangoni, akanipiga begani kwa kitako cha bunduki. Nilisikia mfupa ukivunjika. Kisha akalisukuma sanduku ndani kwa mguu, akatia moto paa. Vitabu vyote vimekwisha, baba, hata vile ulivyoninunulia ulipouza kondoo.

Morani waliwafuata. Mchana walirudi na baadhi ya ng'ombe, na mwizi mmoja aliyechomwa mkuki pajani. Walimfunga kwa kamba ya ng'ombe, wakamburuta hadi nyuma ya darasa langu. Mwenyekiti wa kijiji aliwasihi apelekwe polisi, hawakumsikiliza. Walimpiga kwa rungu na mawe, wanaume kwa wanawake, bila haraka. Mimi nilikuwa nimelazwa darasani na dirisha halina kioo. Nililiona jicho lake likipasuka. Muda wote alikuwa akirudia neno moja. Hata damu ilipomjaa mdomoni aliendelea kulirudia. Hakuna aliyejua lugha yake.

Kisha akaja Naserian, ametoka kumfunika mumewe. Watu wakampisha. Aliinua jiwe kwa mikono miwili, akampiga nalo kichwani, neno likakoma.

Baada ya maziko alikuja akakaa mlangoni mwa darasa ninamolala sasa, akaniomba nimsomee kama zamani. Nikamwambia vitabu vimeungua. Hakuondoka.

"Mwalimu," akasema, "yule mtu alikuwa anasema nini?"

"Sijui, yeyo," nikasema, nikimwita mama kwa Kimaasai. "Nami sikumwelewa."

"Wewe umesoma vitabu vingi. Fikiri."

Unakumbuka, baba, yale magazeti waliyokuwa wakikufungia nyama mnadani? Mama alikuwa akiniita nimpelekee nyama aitie sufuriani, mimi nimeshaanza kusoma gazeti. Kila mara hadithi ilikuwa imechanika katikati, nami nililala juu ya magunia nikiwaza ilivyokwisha. Tangu hapo nimesoma kila chenye herufi, mpaka makopo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Lakini kuandika sikuwahi kuwaza. Niliona hadithi ni kazi ya watu wengine, wa mahali pengine.

Lile neno lilinikosesha raha. Nikaanza kuandika nyuma ya karatasi za mitihani iliyopita, mkono mmoja umefungwa kitambaa shingoni. Nilimpa yule mtu nyumba, nikampa mke, na ukame uliomaliza mifugo yake, na mjomba aliyemkabidhi bunduki, ambaye yeye hakuweza kumkatalia. Sikumfanya mwema. Katika hadithi yangu ndiye aliyempiga Parmuat, nami nimeandika ilivyokuwa, tumbo, maji na kwato.

Nilimsomea Naserian. Alisikiliza ameinamisha macho. Nilipokaribia lile jiwe nilifunua karatasi inayofuata.

"Usiruke," akasema.

Nikasoma. Alijifunika uso kwa shuka, na sikuthubutu kumgusa. Alipojifunua aliniuliza mke wa yule mtu anaitwa nani, maana hakusikia nikimtaja. Nikamwambia nimeacha nafasi wazi, kwa kuwa sijui majina ya watu wa kwao.

"Mwite Naserian," akasema.

Nimemwita hivyo. Sasa huyo mke yuko nje ya nyumba yake anaangalia njia, hajapata habari, nami sijaweza kumpelekea. Kila jioni Naserian wa huku anakuja kuuliza tumefika wapi. Kwa hiyo, baba, siombi uhamisho. Najua mama atalia. Mwambie bega linaunga vizuri, na morani wanalinda shule. Ukipata karatasi na kalamu, mpe dereva wa chumvi. Sukari usihangaike nayo, najua hata huko haionekani.

Nisalimie bibi aliyenilea, shangazi wa Mbulu, na kaka yangu mkubwa pamoja na shemeji. Yule mdogo wangu wa mwisho mwambie asiache shule. Salamu pia kwa katekista, aliyenifundisha herufi za kwanza.

Nawe, baba, ukisali jioni, muombee Parmuat. Na yule mtu mwingine muombee pia, ingawa jina lake bado sijalipata.

Binti yako anayekupenda,
Paskalina