Kiti cha Mama Damari Kilichoozea Chini ya Nailoni

Mpendwa mshauri, Mama Bertha,

Naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika, na kama nastahili kusemwa basi unikaripie, maana hapa nyumbani sina wa kumweleza. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, nauza nyanya na hoho barabarani hapa Ilula, na mume wangu Ipyana alikuwa seremala, mtu wa Rungwe, huu ni mwaka wa tatu tangu afariki. Mwaka wake wa mwisho alileta mbao za mninga kutoka Makongolosi, akasema sisi tumezidi kukalia ndoo na madebe kana kwamba tunasubiri gari, yeye anataka tukae nje kama watu wenye kwao, akatengeneza viti vinne na meza vya kuweka uani, na kiti kimoja akakifanya chenye mikono mipana kwa ajili ya mama yake, tena alimpima kwa kamba kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti mama alipokuja kutusalimia Krismasi. Alipomaliza kazi hiyo akaanza kuumwa, na baada ya miezi minne tukamzika.

Kwenye msiba watu walivikalia vile viti, na silalamiki, msiba ukiingia viti vya nyumba hutoka nje, ila mtu mmoja akatua sufuria ya moto juu ya meza ikaacha duara jeusi, na mimi nilipoliona duara lile nililia kuliko nilivyolia kaburini. Siku ya kuanua matanga shemeji yangu Yotamu akasema mbele ya ukoo kwamba kiti chenye mikono mipana ni cha mama na kikae hapa mpaka atakapokuja, basi wageni walipoondoka nikachukua nailoni tunayofunikia nyanya nikavifunga viti vyote pamoja na meza, nikakaza kwa kamba ya katani, nikazungushia mawe, na kila asubuhi nikawa nafagia pale pembeni ya jiko bila kumruhusu mtu yeyote afungue.

Mama mkwe wangu, Mama Damari, alikuja kuishi nami mwaka juzi baada ya macho yake kuanza kufifia, na wiki ile ile ya kwanza aliipapasa nailoni akaniambia, "Mama Goodness, hii mbao ifungue ipate upepo." Nikamjibu ndiyo mama, mvua zikiisha. Mvua zikaisha nikasema vumbi limezidi, vumbi likatulia nikasema mvua zinakaribia, naye hakuniuliza tena, nikampa kiti cheupe cha plastiki ambacho kilikuwa kimekaa juani miaka mingi mpaka ukikigusa kinakuachia unga mkononi.

Mshauri, hili linalofuata sijamwambia mtu. Mwezi wa saba niliona ufa kwenye mguu wa kile kiti cha plastiki, nikaufunga kwa waya, nikaenda zangu kuuza. Kesho yake mama alikuwa amekikalia anaota jua, mguu ukakatika, akaanguka akavunjika nyonga.

Amefanyiwa upasuaji, amerudi nyumbani, na daktari amesema wiki hii tuanze kumtoa nje. Alipoambiwa hivyo alinishika mkono akasema, "Ndaga, asante, mwanangu. Sasa nitakaa kwenye kiti cha Ipyana." Nikaenda kufungua nailoni. Harufu iliyotoka mle siwezi kuisahau, ukungu mweupe umetanda kila mahali, meza imeachia kwenye maungio, na miguu miwili ya nyuma ya kiti cha mama imelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai, nikibonyeza kidole kinaingia. Nikafunika tena.

Nimempata fundi mmoja hapa barabarani, anasema atachonga kingine kama kile kufikia Jumamosi, atakipaka majani ya chai na kiwi ya viatu kidogo kionekane cha siku nyingi, akaniambia, "Mama, wala usiwe na wasiwasi, hata marehemu akifufuka atasema ni mkono wake." Jumapili Yotamu anakuja kutoka Mbeya na wazee wa kanisa kumwombea mama, na mama ameshawaambia kwenye simu kwamba watamkuta ameketi kwenye kiti chake. Macho yake hayaoni vizuri. Je, nikubali kiti cha huyo fundi na ninyamaze nisimvunje moyo mgonjwa, au nifanyeje? Silali.

Mama Goodness, Ilula

MAMA BERTHA ANAJIBU

Mama Goodness, pole. Pole kwa kufiwa na pole kwa mzigo uliobeba peke yako. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimekasirika, kwa hiyo nivumilie, umesema nikuseme.

Tuanze na huyo fundi wako. Mwambie hapana, leo hii, na majani yake ya chai akayanywe. Mtu anayeweza kumtania mjane kwa kumfufua marehemu si wa kumkabidhi kiti cha mama yake. Unasema mama haoni vizuri. Na mikono yake je? Huyo ndiye aliyepapasa nailoni mara moja akajua kilichomo kinataka upepo. Amezaa seremala, amefua nguo zenye vumbi la mbao miaka yote. Atashika mkono wa kiti kile na atajua kabla hajaketi, tena mbele ya mwanae na wazee wa kanisa. Itakuwa ameanguka mara ya pili kwa kiti ulichompa wewe.

Sasa kuna jambo umelipita mbio katika barua yako kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Kile kiti si chako. Ukoo ulikitamka kuwa ni cha mama siku ya kuanua matanga, nawe ulikuwepo na ulisikia, na wageni hawajafika barabarani ukakifunga kamba. Najua kwa nini. Uliliona lile duara la sufuria ukaogopa kwamba kila atakayekaa atamfuta Ipyana kidogo kidogo. Nakuelewa, maana mimi mwenyewe nilifungia koti la marehemu mume wangu sandukuni mpaka likaliwa na wadudu, na shemeji yangu alikuwa anapigwa na baridi ya Uyole akiwa na kishati. Lakini kuelewa si kukuachia. Huzuni yako ulikuwa na haki nayo. Kumkalisha mama juu ya plastiki mbovu ili huzuni yako isiguswe, hapo ulikosea.

Na nailoni, mama, nani alikwambia inatunza mbao? Inazuia mvua ya juu, ni kweli, ila unyevu unaopanda kutoka ardhini inaufungia ndani, mbao inalowa bila kupata nafasi ya kukauka, na mchwa nao wanapenda hapo penye giza. Wewe unaifunika nyanya safari ya siku moja, si ndiyo, na hata hiyo ukiichelewesha inaoza. Mninga ule ungeuacha wazi unyeshewe na ukauke, unyeshewe na ukauke, leo ungekuwa umepauka tu. Jirani angesema kiti kimezeeka, lakini kingekuwa kimesimama.

Nimemuuliza Fred, fundi ninayemwamini hapa Mbeya, anatengeneza viti vya bustani kwa mikono yake. Anasema kama kilicholainika ni miguu ya nyuma tu na sehemu ya kukalia na mgongo ukivigonga bado vinalia vikavu, kiti hicho kinapona. Tafuta seremala mwenye subira hapo Ilula au Iringa mjini. Kwanza kikae kivulini penye upepo, kisiwekwe juani ghafla kikapasuka. Akate palipooza mpaka akutane na mbao ngumu, aunge kipande kipya cha mninga kwa ulimi na tundu na gundi isiyoogopa maji, aikaushe vizuri, halafu apige msasa kuondoa ukungu. Asikipake vanishi nzito, hiyo ikibanduka uani maji yanaingia chini yake. Asikipake oili chafu ya gari pia, hiyo ni ya nguzo za uzio, itamharibia mama kitenge. Yapo mafuta ya mbao kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, apake kwa kitambaa, afute, arudie. Wewe utarudia hivyo kila mwaka mvua zikikatika, baada ya kukiosha kwa brashi na sabuni na kukiacha kikauke. Miguu yake isikanyage udongo tena, iweke juu ya tofali au vipande vya zege. Mvua kubwa ikija, kisogeze upenuni, basi.

Tena nisikilize hapa vizuri. Mtu aliyevunjika nyonga hakai chini. Kalio la kiti linatakiwa liwe juu kuliko goti lake, ili aketi na kuinuka bila kujikunja, na mikono ya kiti iwe imara ya kumwinua. Muulize daktari wake ni juu kiasi gani, kisha fundi ampime mama upya kwa kamba, kisigino mpaka nyuma ya goti, kama Ipyana alivyofanya, aongeze alichosema daktari, na miguu yote minne iungwe ifikie hapo. Umeona? Hata kama kile kiti kingetoka kwenye nailoni kizima kama siku ya kwanza, kisingemfaa mama jinsi kilivyo. Mwili aliopimiwa haupo tena. Ilikuwa lazima kiguswe na mkono mwingine baada ya Ipyana, na hilo ndilo ulilokuwa unalikimbia miaka mitatu.

Na kama umebaki na viti vingine vya plastiki vinavyotoa unga, vivunje leo. Plastiki iliyoliwa na jua haifungwi waya.

Sasa lililo gumu. Kupima kwa kamba hakufanyiki kwa siri, kwa hiyo utasema kabla fundi hajafika. Usimsubiri Yotamu aje akusaidie kusema, wala usimtume mwanao Goodness. Nenda chumbani kwa mama ukiwa peke yako. Ukate kipande cha ule mguu uliooza, uende nacho, umwekee mkononi, umwambie, "Mama, uliniambia nifungue, sikufungua." Mwache akishike. Akimaliza hapo, mwambie na la ufa. Ndiyo, na la waya. Ukisema la mbao ukaficha la plastiki, utakuwa umefunika upya kwa nailoni nyingine, na unajua sasa kinachotokea chini yake.

Sikuahidi kwamba atakusamehe papo hapo. Anaweza kumwambia Yotamu amchukue Mbeya, na akisema hivyo ni haki yake, utamfungia mizigo na kiti chake kitapanda gari naye. Ila mimi nadhani mama huyu ameshajua. Mtu wa Rungwe, kwa mvua ile ya kwao, haambiwi mbao iliyofungwa miaka mitatu inakuwaje. Aliuliza mara moja akaacha, akakalia ulichompa. Amekuwa akikungoja wewe, mkwe wake, useme mwenyewe.

Kama kiti hakitakauka kufikia Jumapili, usikilazimishe. Mama apokee wageni kitandani, na kiti kisimamishwe wazi mlangoni kikiwa na miguu yake mipya isiyofanana na ya zamani, kila mtu akione. Wakiuliza, jibu wewe. Siku atakayotoka, vitoe na vile viti vingine, hata kama vinayumba, uketi kimoja kando yake, na mkitaka chai iwekeni pale juu ya meza, fundi akishaikaza maungio. Duara la sufuria liacheni.

Ile nailoni ikunjue, ioshe, uikate vipande. Msimu wa nyanya ukija utaihitaji.