Kifo Kinaulizwa Mara Mbili

Mama Odette,

Nimeketi kwenye kiti chako. Naanza na hilo maana najua ndilo ungeniuliza kwanza. Kiti kipo, na ule mto ulioushona kwa kitenge cha njano upo, na hakuna aliyeukalia mpaka Jumamosi iliyopita. Kwa miezi saba kipindi chako, Gita za Reli, kilikuwa nyimbo tupu, bila mtu wa kuzieleza. Mkurugenzi alinibembeleza nishike kipindi, kisha akanikemea, kisha akarudi kubembeleza. Nilimwambia sauti yangu haifai kwa mikro. Uongo, Mama. Sauti haikuwa na shida yoyote. Mwenye shida nilikuwa mimi.

Uliondoka duniani ukiwa umebeba lile kosa tulilomfanyia Tata Mwape kama mzigo wako. Leo naandika kwa mkono wangu, nyuma ya karatasi ya mpangilio wa kipindi, kwa biki ya bluu kama ulivyopenda: lilikuwa langu. Niache nilisimulie tangu mwanzo, hata kama ulikuwepo.

Siku ya kwanza nilipoingia redioni pale Manika, hapa Kolwezi, mtoto wa mfanyabiashara, nanukia mafuta ya magari ya baba, hukunifundisha mashine. Ulinifundisha matangazo ya vifo. Ulisema habari za siasa watu wanaweza kuzikosa, lakini wakisikia muziki wa matanga, mama wa mtaa wa Kapata anaacha sufuria motoni na kusogelea redio. "Amisi," ulisema, "kifo banaulizaka mara mbili. Batu babili, nyumba mbili. Kuuliza si ujinga."

Mara mbili. Si jambo la kumshinda mtu.

Jumamosi ile, miaka mitatu sasa, saa tisa alasiri, Ramazani dereva wa baba alinipigia kutoka Tenke. "Kwa Tata Mwape batu banalia, balishafunga turubai. Muzee alisha kufa." Tata Mwape! Mpiga gita wa wafanyakazi wa reli, yule uliyemtafuta kwa mahojiano tangu kipindi kianze, naye akikuambia ngoja kiangazi kijacho, ngoja kiangazi kijacho. Simu yangu ilikuwa na salio. Namba ya paroko wa Tenke ilikuwa imebandikwa ukutani mbele ya pua yangu. Sikupiga. Nilikuwa tayari nachagua nyimbo, Mama. Na nitasema wazi jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: nilikuwa na furaha. Nilikuwa na habari kubwa, na saa moja tu ya kuitengenezea kipindi.

Ulipita mlangoni, kipande cha tangawizi shavuni kama kawaida yako kabla ya kwenda hewani. Ukaniuliza: "Uliuliza mara mbili?"

"Ndiyo, Mama."

Ukaingia. Saa mbili nzima ulimlilia yule mzee. Ulieleza anavyobeba besi kwa kidole gumba huku vidole vingine vinacheka juu. Ulilia kweli, nikasikia machozi kwenye vifaa vya masikioni. Wanawake wa Kapata walipiga simu wakilia nawe. Mchimbaji mmoja alipiga kutoka shimoni kwao akaomba wimbo urudiwe, kwa ajili ya baba yake aliyefanya kazi relini.

Na Tata Mwape alikuwa ameketi chini ya turubai lake huko Tenke, mzima, anatusikiliza. Aliyekufa alikuwa mama mkwe wake.

Jumatatu ujumbe wake ukafika: "Mulisha kunizika. Munatafuta nini tena?" Mji ukacheka. Vijana wa pikipiki za taksi-moto wakaanza kutuita redio ya bafu, yaani ya wafu, kila nikipita wananiuliza nani anakufa leo. Jumamosi iliyofuata ulifungua mikro ukasema, "Kosa ni yangu. Mi mwenyewe sikuuliza." Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, kidole kwenye kitufe. Ungeona uso wangu ungejua kila kitu. Nikaweka wimbo uliofuata.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, nikaitembea miaka mitatu. Kila ulipomtumia yule mzee salamu, na salamu zisirudi, nilikuwa naona nimekufungia mlango mmoja uliotaka kuingia maisha yako yote. Kisha ukaugua. Kisha simu ikalia, na safari hii kifo kilikuwa chako.

Mimi ndiye niliyesoma tangazo. Lakini kabla ya kulisoma nilimuuliza muuguzi wa zamu. Kisha nikaenda Kapata nikamuuliza binti yako, dada mkubwa wetu sote, ya Clarisse, uso kwa uso. Wote wawili walisema mamoja. Nilitamani sana kupata mtu wa tatu.

Sasa sikia yaliyofuata, maana hii si barua ya kilio.

Mwezi uliopita ya Clarisse alikuja redioni na daftari lako la maswali. Akafungua ukurasa wa Tata Mwape, maswali kumi na manne, hakuna hata moja lililowekewa alama. Akaniambia, "Ao uende Tenke, ao tukichome hiki kitabu." Binti yako ni wewe mtupu, hana maneno mengi. Nikapanda gari la baba, dereva yule yule Ramazani. Njia nzima alinizungumzia matairi. Kuhusu turubai hakusema kitu, nami sikumuuliza.

Nilimkuta Tata Mwape mbele ya mlango wake, amekalia kipande cha reli kilicholazwa juu ya matofali. Mzee mwembamba, kofia ya zamani ya kazi kichwani. Nikamsalimu kwa magoti, nikataja jina langu na redio yangu. Akasukuma kofia nyuma anione vizuri. Kisha akasema:

"Ah. Weye njo ule wa mara moja."

Mama, ndiye mimi niliyeuliza mara moja, lakini nani alimwambia? Nikakaa chini bila kukaribishwa.

Akanisimulia, na kumbe baada ya ule ujumbe wake, uliposema unakwenda Likasi kutazamwa jino, hukwenda Likasi. Siku zile mbili ulizoomba ruhusa, ulipanda gari hadi Tenke peke yako, ukaingia uani kwake umejifunga kitambaa cha matanga, ukaketi mkekani na wanawake kumlilia mama mkwe wake, Mama Kabedi, ambaye hukuwahi kumwona. Ulikaa kutwa. Hukutaja redio mpaka jua lilipopoa. Hapo ndipo hasira ya mzee ilipokwisha, na hasira yenyewe sikuwa nimeielewa hata kidogo. "Ile siku ilikuwa ya mama mukwe," aliniambia. "Batu balikuja kumulilia yeye, basikia redio, baanza kunilia miye. Mulimunyang'anya matanga yake." Miaka mitatu nilikuwa nikijihurumia mwenyewe. Yule bibi sikuwahi kumkumbuka hata mara moja.

Na jioni ile ulimwambia habari zangu. Alinirudishia maneno yako, na nilikusikia kabisa: "Mutoto alinijibu mbio sana. Mutu mwenye aliuliza mara mbili anakupatiaka majina. Niliyua, na niliingia tu, juu nilikuwa na hamu ya ile kipindi."

Kwa hiyo ulijua. Kabla hata hujakaa kwenye kiti hiki, ulijua. Ulipowaambia watu kosa ni lako hukuwa unanikinga tu, ulikuwa unasema ukweli, nusu yake. Nusu yangu ukaniachia niiseme mwenyewe siku nitakapoweza. Na zile karafuu! Uliporudi nilikuletea karafuu za jino kutoka duka la mama yangu, nikazifunga vizuri kwenye karatasi. Ulizitafuna mbele yangu, jino zima kabisa, ukinitazama, ukasema zinatuliza. Mwongo anamtibu mwongo. Nilicheka pale chini mpaka mzee akanipa maji.

Alikueleza pia kwa nini anaahirisha mahojiano. Hakuwa ameshika gita kwa miaka mingi, na baada ya kusikia ulivyomsifu aliona aibu kuja na vidole vya kuni. Ukamwambia utangoja mpaka vidole virudi. Ukamwambia pia hutasema kitu redioni, tusije tukamharakisha. Basi wakati mimi naona mlango umefungwa, nyinyi wawili mlikuwa marafiki, na huko Tenke kila asubuhi mzee alikuwa anafanya mazoezi kwa ajili yako.

Kuna jambo moja alilisema ambalo bado linanichoma. Siku tuliposoma tangazo lako, alikuwa na redio mapajani. "Nilicheka," alisema. "Ile redio ninaiyua." Alicheka kwa sauti, akamwambia mkewe wameanza tena. Akaendelea kukaza nyuzi. Lakini jioni moyo ukamsumbua, akamtuma mjukuu kwa paroko, kisha akampigia simu jamaa yake wa hapa Kolwezi. "Niliuliza mara mbili," aliniambia. "Mama Odette njo alinifunza."  Ramazani, kule garini, akazima injini.

Kisha akaingia ndani akatoka na gita.

Vidole vimerudi, Mama. Havina mbio za zamani, lakini gumba linatembea lile lile. Nikawasha kinasa sauti, nikafungua daftari, nikaanza na swali lako la kila siku, lile ulilowaanzia wote kwa sababu ulisema hakuna mwanamuziki aliyeanza na gita lake: gita ya kwanza ilikuwa ya nani? Akajibu bila kufikiri: ya Mama Kabedi. Alikuwa akiuza samaki wa kukaanga stesheni, msafiri mmoja akasahau gita, yeye akalitunza nyumbani akimngoja arudi. Msafiri hakurudi. Akaja kijana wa kuposa binti yake, mwenye haya, asiyejua aweke wapi mikono yake, naye akampa lile gita alishike. Nusu saa nzima Tata Mwape alimzungumzia yule bibi. Mimi sikumkatiza. Nadhani hiyo ndiyo kazi nzuri zaidi niliyowahi kufanya, kutosema kitu.

Jumamosi iliyopita nikakalia mto wako wa njano. Kabla ya wimbo wowote nikasema jina langu, nikasema ni mimi niliyeuliza mara moja, nikakudanganya wewe na nikawadanganya wao. Kisha nikasema leo ni matanga ya Mama Kabedi wa Tenke, tuliyemnyang'anya siku yake, tunamrudishia. Mkurugenzi nyuma ya kioo alishika kichwa, nami nikaweka rekodi ya mzee. Simu zikaanza. Wengine walinitukana, sitakuficha, na vijana wa taksi-moto wamepata utani wa mwaka mzima. Lakini simu ya tatu ilikuwa ya baba, ambaye alikuwa hajawahi kupiga studio tangu nianze kazi hii anayoiona haiendi popote. Alisema, "Nimesikia. Mwambie mzee arudie ule wa pili." Akakata.

Nimepumua, Mama. Sijui neno lingine. Usiku ule nililala kama mtoto aliyeogeshwa.

Ya Clarisse amekuombea misa, nami nakuombea dua kwa namna ya kwetu. Wewe pokea zote mbili, ulikuwa hukatai sahani. Lala salama, mama yangu wa mikro. Daftari lako nitalimaliza swali kwa swali, na sitamlilia mtu hewani kabla sijapata majina mawili ya kukutajia.

Sasa ni saa tisa na nusu, kipindi kinakaribia. Leo nafungua na wimbo wa Tata Mwape, kwa hiyo nimepiga Tenke kwanza. Nimemuuliza mkewe kama mzee ni mzima. Amesema mzima. Nikamwomba anipe mtu wa pili.

Mtu wa pili alikuwa mzee mwenyewe.

Ni mimi wako wa mara mbili,
Amisi