Ngozi Inayojua Mikono

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, ila nilikuficha jambo. Ule upasuaji wa Januari haukuwa wa ngiri. Walinikata utumbo, na sasa choo kinatokea ubavuni, kinaingia kwenye mfuko. Wiki sita nilijifungia ndani nikiogopa harufu. Shangazi yako alikuja mara moja, akasimama mlangoni.

Kuna muuguzi, kazi yake ni wagonjwa wa mifuko tu. Daktari alinisomea karatasi akaondoka. Huyu alivuta kiti, akasema, "Mama, leo tuangalie pamoja." Nikafumba macho. Akasubiri, wala hakuniharakisha. Nilipofumbua nililia, naye hakuniambia ninyamaze. Huja nyumbani kila Jumanne, na tangu siku hiyo nahesabu Jumanne.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Barua nimeisomea kazini, nikajifungia stoo. Mtu baki anaujua mwili wako, mimi bintiyo najua ngiri! Kwa nini, Mama? Mpe shukrani zangu, ingawa wivu umenishika. Naja Juni. Nitakubadilishia mfuko mwenyewe.

Bintiyo

11 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. U mzima? Juni imepita, na Julai pia. Nilidhani barua yako ya kunieleza imepotea.

Muuguzi wangu amehamishwa. Aliyeshika nafasi yake ni msafi, mwepesi, hakosei kitu. Alikuwa akinibadilishia kwa dakika nne, simu kaibana begani. Ngozi inajua mikono, mwanangu. Wiki ya tatu nikamwambia, "Niachie, nitafanya mwenyewe." Akafurahi, akanipa boksi la mifuko, akaenda zake.

Nimejifunza. Mara ya kwanza usiniulize, nilifua shuka na godoro nikalianika.

Jana nimekwenda sokoni, peke yangu, kwa miguu. Mfuko ukajaa nikiwa kwenye foleni ya mchele. Nikaingia choo cha soko, nikaumwaga, nikaufunga, nikanawa, nikarudi kwenye foleni. Hakuna aliyegeuka. Muuza mchele akaniuliza, "Kilo ngapi, bibi?" kama anavyomuuliza kila mtu. Nilitamani kumkumbatia!

Nikarudi haraka, nikafungua mlango na maneno tayari mdomoni: "Jamani, nimeweza!" Nikasimama pale na mfuko wangu wa mchele. Hakukuwa na wa kumwambia.

Basi nakwambia wewe.

Mama yako