Sufuria ya Bawa la Kushoto

Jumatatu, 2 Septemba

Ajenda hii, daftari lenye tarehe, nimeipata kwenye semina ya amani. Walitupa ajenda, kalamu na kofia. Chakula walisema kipo njiani. Kipo njiani mpaka leo. Basi naandika. Mwandiko mbaya, lakini hamna wa kusoma.

Leo kazi imepatikana. Bandarini wameshuka watu wa ndege. Si ndege ya kupanda — ndege iliyozama! Iko chini huko karibu na kisiwa cha Macaloe, tangu vita vya Hitla. Ilikuwa ndege ya kutua majini, inawinda manuwari zinazopita chini ya maji. Ikaanguka, watu watatu wakafa. Hapa kila mtu anaijua. Wavuvi nyavu zikinasa pale huitukania mama yake.

Wakubwa ni wawili. Mmoja Mzungu mzamiaji, mzee, ndevu nyeupe. Anasema Kiswahili cha Tanga, alifanya kazi huko. Mwingine Dotori Clésio, kijana wa Maputo, mtu wa urithi wa taifa. Nikamwonyesha goti langu. Kasema yeye si dotori wa hospitali, ni wa vitu vya kale. Goti lako bado halijawa la kale, kasema. Kacheka peke yake.

Kazi yangu kubeba mitungi ya hewa mpaka kwenye boti. Nimebeba saruji, mchele, majeneza. Sasa nabeba hewa. Hewa nzito kuliko saruji!

Jumatano, 4 Septemba

Wageni wamechoka kula makopo. Wamemchukua Atija awapikie. Atija ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu Cadija. Anakaanga samaki mlangoni mwa bandari. Sufuria yake ndogo. Kaja kwangu, hata hodi hakupiga.

— Shemeji, nipe sufuria ya dada.

— Haitoki.

— Imekaa tu humo, inampikia nani? Mende?

Nikamwambia ikipata kovu moja simjui. Kasema kiraka inacho tayari, kovu la nini tena. Kaibeba kaenda nayo.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Jumamosi, 7 Septemba

Sikukuu lakini tumefanya kazi. Boti imerudi jioni, wote wamenuna. Bawa la kulia wameliona. La kushoto hamna.

Wakabishana mbele ya sahani. Clésio anasema mkondo umelichukua. Mzungu anasema hapana, manuwari ilifyatua mzinga, bawa likakatika hewani. Kachora picha, moto na moshi. Clésio naye kafungua kompyuta, kachora mkondo kwa rangi ya bluu. Mimi na Atija tunapakua wali. Atija kanikanyaga mguu chini ya meza.

Bawa la kushoto tunalijua wote. Wapiga mbizi wa majongoo ya bahari walilikata kwa msumeno, kipande kipande, wakampelekea fundi Aiuba. Aiuba ndiye msubu wa sufuria hapa kwetu. Anakanyaga mchanga mbichi ndani ya fremu, anazika sufuria ya zamani, anaitoa taratibu, umbo linabaki. Halafu anamimina alumini iliyoyeyuka. Ya ndege ilikuwa nyeupe, nyepesi, haina moshi mwingi. Mwaka ule kila bibi harusi alitaka sufuria ya ndege. Mwali asiye nayo watu walinong'ona.

Cadija alikuja nayo kwangu. Ilipotoboka, Aiuba akaitia kiraka kitakoni, kipande cha bawa hilohilo alichokiweka akiba, na ribiti zake, vile vichwa vya misumari, kama kilivyotoka baharini.

Kwa nini hatusemi? Ukisema, wanaichukua. Tunawajua watu wenye kompyuta.

Jumatatu, 9 Septemba

Mambo yameharibika!

Mzungu anapenda ukoko. Kila siku anamwambia Atija asioshe, anakwangua mwenyewe kwa kijiko. Tulikuwa tunamcheka — mtu ana boti ya injini mbili anagombania ukoko! Leo kakwangua mpaka chini. Kavaa miwani. Katia maji, kasugua kwa kidole. Kaanza kuzigusa zile ribiti za kiraka moja moja, anasema maneno ya kwao polepole kama anasali.

— Hii bawa, kasema.

Clésio kauliza hii nini.

— Bawa! Tunakula ndani ya bawa!

Clésio kijiko kikamdondoka. Kauliza sufuria ya nani. Atija, damu ya mke wangu, kaninyooshea kidole kabla swali halijaisha.

Jumanne, 10 Septemba

Clésio kaja asubuhi na glavu nyeupe. Jana analamba mwiko, leo hashiki bila glavu! Kaifunga sufuria kwenye sanduku na sponji. Kaniambia kuanzia leo ni patrimonio. Nikamuuliza maana yake nini. Maana yake ni ya watu wote, kasema.

— Na mimi ni nani?

— Wewe pia ni watu wote, mzee.

— Basi niachie.

Kasema si hivyo. Itaenda Maputo, itakaa ndani ya kioo, taa juu yake. Tarehe ishirini na tano, siku ya majeshi, kuna sherehe hapa bandarini, wakubwa watakuja, watu wa ubalozi watakuja. Siku hiyohiyo inapanda ndege inaondoka.

Kanipa fulana. Imechorwa ndege. Mabawa yote mawili yapo.

Nikasema nataka sufuria yangu. Kasema kwani unajua thamani yake? Nikamwambia najua, inaivisha haraka. Kasema ndio shida yetu hiyo.

Alhamisi, 12 Septemba

Shefe wa bairo, mkuu wa mtaa wetu Abdurrazaque, kapita na kipaza sauti. Kila mwenye sufuria ya ndege ailete ghalani, bandarini. Asiyeleta ataonekana adui wa historia. Halafu kaongeza maneno yake mwenyewe, Clésio hakumtuma: atakayeleta atapewa sufuria mpya.

Basi! Mpaka saa sita foleni imefika sokoni. Waliokuwa na za ndege wameleta. Wasiokuwa nazo wameleta pia — mifuniko, birika, karai la zege. Mama mmoja kaleta beseni la plastiki, anasema ndege ilikuwa na choo. Clésio kaandikisha vyote, jasho linamtoka. Hajui ipi ya bawa, ipi ya dukani Mtwara. Kasema vyote vikae kwanza, wataalamu watakuja. Kazungusha utepe mwekundu. Kaweka tropa wawili, askari wenye bunduki, wanalinda masufuria.

Kwenye barabara ya mashamba watu wanaomba tropa wawili tangu mwaka jana. Hawapatikani.

Aiuba kaja kuangalia, mkongojo mkononi. Kaona kazi za maisha yake zote zimepangwa chini. Kafurahi, mzee wa watu! Kauliza nani kafa, matanga ya masufuria yote haya.

Jumapili, 15 Septemba

Nimekula muhogo wa kuchoma. Wa kuchoma hauhitaji sufuria.

Mzungu kaja kwangu. Kakaa juu ya kinu, goti lake bovu kama langu. Kasema mjomba wake alikuwa ndani ya ndege ile. Kaka wa mama yake. Mama alikuwa msichana mdogo, kafa mzee, hajui kaka yake kalala wapi. Yeye kajifunza kuzamia kwa ajili hiyo. Kapiga mbizi bahari nyingi. Kumbe mjomba yuko kwenye wali, kasema. Kacheka, halafu hakucheka.

Kaniuliza sufuria kwangu mimi ni ya nani. Nikamwambia. Siku tuliyokimbia vita, Cadija aliacha godoro, aliacha redio, akaivaa sufuria kichwani kama kofia. Pale njia panda ya Awasse tropa wakamsimamisha, wakamwambia vua hiyo kofia ya chuma. Wakaangalia ndani. Wakakuta mwiko na mtoto wa jirani kashika mpini. Porini tulipika humo majani, tukapika uji, watu wasiojuana wakanywa zamu kwa zamu. Kambini homa ikamchukua. Kazikwa huko mbali, kwenye mstari na wengine, kijiti kimewekwa, na kijiti mvua imekichukua. Nilirudi na sufuria.

Mzungu kasema wale watatu watawekewa jiwe la marumaru hapa bandarini. Kaona aibu, naona. Nikamwambia ni vizuri, waweke. Mfu ni mfu.

Nikamwomba amwambie Clésio anirudishie. Kasema kajaribu. Ubalozi wao sasa unataka sufuria iende Ulaya. Maputo inasema haitoki nchini. Wanaandikiana barua.

Maputo, Ulaya. Jiko langu hamna aliyelitaja.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimekwenda ghalani kuiangalia. Tropa kanizuia kwenye utepe. Kijana wa Nampula, adabu anayo. Kasema baba, siruhusiwi. Nikamwonyesha kwa mbali: ile, yenye kiraka. Kasema hiyo ndiyo kubwa yao, ina meza yake. Kweli! Meza, kitambaa, kibao: bawa la kushoto.

Shefe naye analia. Mke wake kapeleka masufuria yote apate mapya, mapya hayajaja. Wanakula mikate. Bairo zima linakula mikate. Mwenye duka la mikate tu ndiye anayeisifu historia.

Jumanne, 24 Septemba

Leo nimecheka mpaka nimekaa chini.

Kesho wageni mia. Mbuzi wapo, mchele upo, kuni zipo. Wapishi wa kukodi wanatoka Pemba, mji mkuu wa mkoa, na vyombo vyao, lori limeharibika Awasse. Clésio kasema si shida, tuazime masufuria hapa mjini. Atija kamwangalia.

— Yapi?

— Ya watu.

— Ya watu umeyafunga utepe, baba!

Clésio kaenda kuongea na simu. Karudi. Kasema kwa sauti ndogo, hebu yale yasiyo na uhakika tuyatoe, yapikiwe, yaoshwe, yarudi kabla ya hotuba. Atija kasema yale hata yeye hapiki humo — moja lina tundu, moja lilikuwa la rangi ya boti. Kubwa zima la kutosha wali wa meza kuu liko moja tu. Wote tukatazama kwenye kile kitambaa.

Clésio kaniita pembeni. Safari hii kaniita baba Buanali. Kasema utapika wewe, kwa uangalifu, kama unabeba mtoto. Saa tano iwe imeoshwa iko mezani.

Nikamwambia sawa, dotori.

Jumatano, 25 Septemba

Niko nyuma ya ghala. Mafiga matatu, moto, sufuria ya Cadija juu yake. Naandika hapahapa, ajenda juu ya goti. Atija yuko na mbuzi, ananiimbia nyimbo za harusi kunitania. Eti bwana harusi kapata mke wake. Muache.

Niliposhika mpini ulikuwa wa moto, nikasahau kitambaa. Nimeungua kidole. Nimefurahi, mjinga mimi.

Wakubwa wamewahi! Walisema saa sita, wamefika saa nne, na njaa yao. Hotuba ya kwanza imeisha. Imesemwa ndege ilianguka kwa ajili ya amani yetu. Hotuba ya pili imesema hivyohivyo kwa Kireno. Watu wa ubalozi wanauliza bawa liko wapi. Meza ipo, kitambaa kipo, kibao kipo. Bawa hamna.

Clésio kaja mbio.

— Imimine! Imimine kwenye sinia, nipe sufuria!

— Wali mbichi.

— Mbichi hivyohivyo!

— Utawapa wakubwa mchele mbichi siku ya majeshi?

Kaondoka. Karudi na shefe. Shefe kainusa harufu. Kauliza tu, nazi umetia?

Nimetia.

Clésio kasema wanataka kuipiga picha. Nikasema waje wapige. Kasema haiwezi kupigwa picha ina moto chini! Nikasema ilipigwa mzinga, kwa maneno yenu. Moto imeuzoea.

Karudi kwa wageni. Nasikia anawaambia kuna kuchelewa kidogo, kwa sababu za kitaalamu.

Sasa Mzungu kaja. Kavaa tai. Maua anayo mkononi, ya mjomba, hayajawekwa bado, jiwe nalo liko kwenye lori Awasse. Kayaweka chini karibu na kuni. Kakaa juu ya gogo. Katoa kijiko mfukoni.

— Ukoko? kasema.

— Bado, babu. Wali kwanza.

— Nitangoja.

Amekaa. Haangalii upande wa meza.

Boti ya kuwapeleka uwanja wa ndege — hapana, gari. Gari limewashwa, nalisikia. Sanduku la sponji liko wazi nyuma yake. Rubani wa ndege yao kasema upepo unageuka, hawezi kukaa mpaka jioni.

Clésio anakuja tena. Naona viatu vyake vimeshaingia matope. Nyuma yake tropa wa Nampula, na nyuma ya tropa foleni ya wakubwa wenyewe, wameshika sahani.

Wali umekauka vizuri, punje moja moja. Nimefunua, nimeona. Nimetia maji kikombe kimoja. Nimefunika.

Utakuwa ubwabwa laini. Nikitia kingine utakuwa uji. Na uwe uji. Humu walishakunywa uji watu wenye njaa kuliko hawa, na hamna aliyeondoka na sufuria.

Clésio anauliza, bado?

Natia kuni.