Mlio wa mashine ya boti

Jumapili

Nilitoka mbio na beseni kama mjinga. Marehemu mume wangu alipenda kwenda kuvua baharini, na kila akirudi hapa Morogoro aliwasha mashine ya boti ndani ya pipa la maji ili kuitoa chumvi. Nikisikia ule mlio nilijua kafika, natoka kupokea samaki.

Leo aliyeiwasha ni mdogo wake, Hamisi. Anaijaribu kwa ajili ya mnunuzi. Boti inachukuliwa kesho. Nilikubali mwenyewe.

"Beseni la nini, shemeji? Tunafua boti?"

Nilimwomba asiizime kwanza.

"Inakula mafuta bure, shemeji."

Akaizima. Tangu mazishi sijasikia nyumba ikiwa kimya hivi. Sijui sasa nitamsubiri kwa mlio gani.