Ringi Imenyooka, Nimekwenda Mbioni

Baba Watoto, na wewe Kipepeo wangu,

Chai ipo kwenye chupa. Mtoeni paka jikoni kabla hajaufikia mkate. Na msishangae baiskeli haipo: nimeondoka nayo!

Kipepeo, uliporudi na baiskeli yangu kutoka dukani alfajiri, umegonga ukingo wa barabara na gurudumu la mbele linayumba kama mlevi, roho iliniruka, sikatai. Ukajifungia chumbani kulia. Baba yako akasema, "Basi, mke wangu, mbio za baiskeli utashiriki mwakani," akarudi kulala. Mwakani! Neno hilo liliniuma kuliko gurudumu lenyewe.

Nikaigeuza baiskeli kichwa chini miguu juu, nikazungusha gurudumu polepole. Tairi zima. Ringi haina ufa. Kumbe ni spoki tu zimelegea upande mmoja, ringi ikavutika upande wa pili, ndiyo maana ilikuwa inasugua breki. Nikakaza kidogo, nikazungusha, nikakaza tena, mpaka likapita katikati ya breki bila kugusa popote. Nikapiga kigelegele peke yangu. Kweli hamkusikia?

~~Msije, mtanitia wasiwasi.~~ Njooni! Mbio zinaishia mbele ya soko. Baba Watoto, beba maji na taulo, na uje umevaa viatu, si ndala.

Kipepeo, nawa uso. Sina kinyongo nawe hata chembe. Simama pale mwisho nikuone. Niwe wa kwanza au wa mkia, wewe ndiye nitakayemkumbatia kabla ya wote, na jasho langu lote.

Mama